Maswali ya Wafumaji: Mizula na Skafu za Kubuni Mwenyewe

Kipupwe kinapokaribia, barua za wafumaji huongezeka katika meza hii, na safari hii karibu zote zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu atawezaje kufuma kofia au skafu ambayo haikutoka kwa mwingine? Nimechagua barua saba. Baadhi nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba.

*Shikamoo Bibi Fundi. Ninafuma mizula na skafu hapa Makambako kwa mwaka wa nne sasa, nami huuza karibu na stendi ya mabasi kuanzia Mei hadi Agosti. Kazi zangu zote nimeziiga kutoka kwenye kofia za mitumba: ninafumua moja, ninahesabu vitanzi, kisha ninaifuma upya. Mwaka jana wenzangu watatu walileta mizula ile ile na bei ikaanguka. Ninataka kubuni ya kwangu, lakini kila nikishika sindano mkono unarudi kulekule. Nianzie wapi?*
*Mfumaji, Makambako*

Marahaba, mwanangu. Kufumua kofia ya mtumba ili kujua ilivyofumwa si jambo la kuonea haya, kwa kuwa mafundi wengi tumejifunza hivyo. Tatizo ni kwamba ulichochukua ni hesabu ya mtu mwingine, aliyeifanya kwa uzi wake, sindano zake na mkono wake, na hukuwahi kuona namna alivyoifikia. Ndiyo maana ukijaribu kubadilisha chochote kofia inaharibika, nawe unarudi kwenye ile unayoiamini.

Anza kwa kufuma kipande cha majaribio chenye upana wa sentimita 15 hivi, kwa uzi na sindano utakazotumia. Kioshe, kikauke, ukilaze mezani bila kukivuta, kisha hesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati, kwa sababu pembeni vitanzi hupotoka. Tuseme umepata vitanzi 18 kwa upana na mistari 24 kwa urefu. Mteja wako ana kichwa chenye mzunguko wa sentimita 56. Mzula wa sindano hunyumbuka, kwa hiyo huufumi sawa na kichwa. Unapunguza sentimita 5 au 6 ili ushike vizuri, na hapo unabaki na 50. Vitanzi 18 kwa sentimita 10 ni 1.8 kwa kila sentimita moja, na 1.8 mara 50 ni 90. Ikiwa ukingo wa chini ni ule wa kunyumbuka, vitanzi viwili vya kawaida na viwili vya kinyume, hesabu yako sharti igawanyike kwa 4, na 90 haigawanyiki. Chukua 88. Namba hiyo pia hugawanyika kwa 8, nayo itakufaa sana utakapofika utosini, kwa kuwa utapata sehemu nane zenye vitanzi 11 kila moja. Ukipunguza kitanzi kimoja katika kila sehemu, mzunguko mmoja ndiyo na mmoja hapana, baada ya mizunguko 20 utabaki na vitanzi 8 vya kupitisha uzi na kuvuta. Mizunguko 20 ni takriban sentimita 8, kwa hiyo chini yake fuma sentimita 13 tu, yaani mizunguko 31, ili kofia nzima iwe na urefu wa sentimita 21 na kidogo.

Sasa hebu uone thamani ya kile kipande ambacho wengi hukiruka kwa madai kwamba kinapoteza uzi. Kama mkono wako unakaza, na badala ya 18 unapata vitanzi 20, vitanzi vile vile 88 vitakupa kofia ya sentimita 44. Hiyo ni ya mtoto mdogo, na tofauti ilikuwa vitanzi viwili tu.

Ukishaishika hesabu hiyo, nakshi inakuja kwa urahisi, na hapa huna haja ya kutazama mbali, kwa kuwa umezungukwa na kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mpangilio huo unahamia kwenye skafu bila shida: pindo katika ncha mbili, mji katikati, na matamvua mwishoni ukipenda. Chukua umbo moja dogo, kwa mfano lile la korosho, ulichore kwenye daftari la hesabu, kijumba kimoja kwa kitanzi kimoja. Jihadhari na mtego mmoja ulionipotezea siku nyingi nilipokuwa mwanagenzi: kitanzi si mraba. Kwa kipimo chetu cha 18 kwa 24, mchoro wa vijumba 18 kwa 18 utatoka na upana wa sentimita 10 lakini urefu wa sentimita 7.5, na korosho yako itaonekana kama imekaliwa. Chora umbo liwe refu zaidi kwa theluthi moja ya unavyotaka lionekane. Kwenye kofia, hakikisha pia idadi ya vitanzi vya umbo lako inaingia katika mzunguko mzima bila kubakiza. Katika 88 utaweza kurudia umbo la vitanzi 8, 11 au 22. Umbo la vitanzi 12 litakulazimisha kuhamia 84 au 96, na hapo ukubwa wa kofia unabadilika, hivyo rudia hesabu tangu mwanzo.

Kuhusu rangi, jiwekee sharti la wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti: rangi zisizidi mbili katika mstari mmoja, hata kama kazi nzima ina rangi kumi. Uzi usiotumika hupita nyuma, na ukipita zaidi ya vitanzi vitano bila kunaswa utakamata vidole na hereni. Kwa sababu nyuma kunakuwa na nyuzi hizo, nakshi ya rangi hupendeza zaidi kwenye mzula, ambao ndani yake hapaonekani, kuliko kwenye skafu inayopeperuka pande zote mbili.

Na lile jina la kanga? Linawezekana. Herufi ndogo inayosomeka huhitaji vitanzi 5 kwa upana na mistari 7, na kitanzi 1 cha nafasi. Msemo wa herufi 30, pamoja na nafasi za maneno, utakula vitanzi 180, yaani sentimita 100 kwa mkono tuliokadiria. Ukiifuma skafu kwa kulala, ukianza na urefu wake wote badala ya upana, msemo unakaa vizuri katika skafu ya sentimita 160, na naamini wenzako watatu pale stendi watachukua muda kabla hawajajua umefanyaje.

*Bibi Fundi, nimepewa maelezo ya kofia kutoka ng'ambo yanayotaka sindano namba 8. Nimenunua namba 8 sokoni Lushoto, na kofia imetoka ndogo na ngumu kama kikombe. Nimekosea wapi?*
*Msomaji, Lushoto*

Hukukosea, namba ndizo zilizokudanganya. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, ambao sindano nyingi kongwe katika masoko yetu bado zinaufuata, namba 8 ni unene wa milimita 4, na kadiri namba inavyopanda sindano inakuwa nyembamba: namba 14 ni milimita 2 tu. Kwa Wamarekani mambo ni kinyume, namba ikipanda sindano inanenepa, na namba 8 yao ni milimita 5. Usinunue tena kwa namba. Uliza milimita, na kama muuzaji hajui, nenda na rula.

Mkanganyiko kama huo upo pia kwenye majina ya mishono ya kroshia. Mshono mfupi ambao Mmarekani anauita mmoja (single), Mwingereza anauita maradufu (double), na Mmarekani anapotaja maradufu anamaanisha ule mrefu zaidi. Ukiona popote katika maelezo mshono unaoitwa mmoja, jua mwandishi anafuata Marekani, kwa kuwa jina hilo halimo katika orodha ya Waingereza.

*Kwako Fundi, pokea salamu kutoka Limuru. Mimi ninafuma kwa kroshia na ninabuni kofia zangu mwenyewe bila kuandika chochote. Shida ni utosi. Mara unajikunja kama bakuli kabla sijafika popote, mara unafanya mawimbi kama sketi ya mchezaji ngoma. Nimefumua moja mara tano.*
*Mama wa Limuru*

Mama, mara tano ni uvumilivu wa kupigiwa mfano, lakini tatizo lako linatatuliwa kwa kalamu. Duara bapa hukua kwa kanuni moja: kila mzunguko unaouongeza, ukingo wa nje unarefuka kwa kimo cha mshono mara 6.28. Mshono mfupi wa kroshia una kimo kinachokaribiana na upana wake, na kwa hiyo duara linadai nyongeza ya mishono 6 hivi katika kila mzunguko: anza na 6, kisha 12, 18, 24, na kuendelea. Mshono mrefu ni kama mara mbili ya huo, ndiyo maana huanza na 12 na kuongeza 12. Ukiongeza pungufu, kitambaa kinakosa nafasi na kujikunja kama bakuli. Ukizidisha, kinatafuta mahali pa kwenda na kufanya mawimbi. Yote mawili umeyaona kwa sababu unaongeza kwa kukisia.

Swali la pili, ambalo hukuliuliza lakini ndilo litakalokusumbua kesho, ni pale pa kuacha kuongeza. Gawanya mzunguko wa kofia kwa 3.14. Kitambaa cha kroshia hakinyumbuki kama cha sindano, kwa hiyo kwa kichwa cha sentimita 56 punguza sentimita 3 tu, ubaki na 53, na utosi wako uishie kwenye kipenyo cha sentimita 17. Kutoka hapo fuma moja kwa moja bila nyongeza, na kuta zitashuka zenyewe. Nyongeza zikipangwa juu ya nyongeza katika kila mzunguko, duara litaota pembe sita. Wapo wanaolipenda umbo hilo, mimi nikiwa mmoja wao, lakini kama hulitaki sogeza mahali pa kuongezea kila unapoanza mzunguko mpya.

Na uandike, mama. Daftari la shilingi chache litakuokolea mabonge mengi ya uzi.

*Skafu niliyoibuni inajikunja pembeni na kuwa kama bomba. Nimeipiga pasi, bado. Nifanyeje?*
*Mwanafunzi, Eldoret*

Bila shaka umefuma mistari ya kawaida upande mmoja na ya kinyume upande wa pili, ili mbele patoke laini. Kitambaa cha namna hiyo hakina usawa kati ya nyuso zake mbili, hivyo kingo za ubavuni hukimbilia nyuma, na za juu na chini hukimbilia mbele. Mpaka wa vitanzi vinne au vitano husaidia kidogo tu. Kwa skafu chagua tangu mwanzo mshono wenye usawa: mistari yote ya kawaida, au kitanzi kimoja cha kawaida na kimoja cha kinyume kwa kupishana. Pasi iache kabisa. Uzi mwingi wa madukani kwetu ni wa akriliki, ambao kimsingi ni plastiki, na ukiupata moto unalegea na haurudi tena.

*Fundi, mimi ni dereva wa bodaboda Uyole, Mbeya. Nikiwa kijiweni bila abiria ninafuma, na wenzangu wananicheka kuwa ninafanya kazi ya kike. Hilo nimelizoea. Ninachotaka ni kubuni kofia na skafu za sisi waendesha pikipiki, maana asubuhi ya Julai Uyole si mchezo.*
*Dereva, Mbeya*

Kaka, waulize wanaokucheka ni nani huwafumia wavuvi nyavu zao. Kitenzi ni kile kile. Na wakitaka mfano wa mbali, waambie kuhusu Taquile, kisiwa cha Ziwa Titicaca nchini Peru, ambako kofia za sufu hufumwa na wanaume, na rangi zake humjulisha mtazamaji kama mvaaji ana mke au bado. UNESCO iliutambua ufumaji wa kisiwa hicho mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu.

Sasa tuingie kwenye kazi, kwa sababu wazo lako ni zuri kuliko unavyolijua. Umekwisha kumjua mvaaji na shida yake, na hapo nusu ya ubunifu imekamilika. Kwanza skafu. Usibuni skafu ndefu kwa mwendesha pikipiki. Mcheza dansi mashuhuri Isadora Duncan alifariki mjini Nice, Ufaransa, mwaka 1927, shali yake ndefu iliponaswa kwenye gurudumu la gari alilopanda, na pikipiki ina mnyororo na spoki zilizo wazi zaidi. Buni skafu ya mviringo isiyo na ncha wala matamvua: bomba linalovaliwa kwa kupitisha kichwani na kuishia ndani ya koti. Mzunguko wa sentimita 50 unatosha, kwa kuwa sharti lipite kichwani kwa kunyumbuka na bado lisiache mwanya shingoni; urefu uwe sentimita 28 hadi 30, ili sehemu ya juu iweze kuvutwa hadi puani. Fuma lote kwa ule mshono wa viwili kwa viwili, unaorudi katika umbo lake baada ya kuvutwa.

Kofia ya ndani ya helmeti ni kazi ya hadhari kubwa zaidi. Helmeti hulinda kwa kukaa sawasawa kichwani, na mzula mnene unaisukuma juu na kuilegeza. Tumia uzi mwembamba na sindano ya milimita 3 au pungufu, fuma kwa mzunguko ili pasiwe na mshono wa kuunganishia utakaochoma kichwa baada ya nusu saa, na usiweke kishada utosini hata kama mteja atakuomba. Kabla hujamkabidhi, mwambie avae helmeti juu yake na kufunga mkanda. Ikiwa haikai kama zamani, mzula haufai, fumua. Weka nakshi yako kwenye ile skafu, inayoonekana, na kofia uiache tupu.

*Bibi Fundi, nilibuni kofia yenye masikio, nikaweka picha zake na maelezo ya kuifuma mtandaoni. Sasa mtu anauza maelezo yale yale neno kwa neno, pamoja na picha zangu, na mwingine anauza kofia zinazofanana na yangu. Je, sheria inanilinda?*
*Mbunifu, Nakuru*

Dada, hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. Maelezo uliyoyaandika, michoro na picha ulizopiga ni kazi zako chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, na ulinzi wa maandishi na michoro hudumu maisha yako yote na miaka 50 baadaye, ilhali ule wa picha za kamera hudumu miaka 50 tangu zilipopigwa au kutolewa kwa umma. Huyo aliyenakili neno kwa neno unaweza kumwandikia aondoe, na akikaidi upeleke malalamiko kwa Halmashauri ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Tunza rasimu zako zenye tarehe, vile vipande vya majaribio, na picha halisi kutoka kwenye simu. Wasomaji wa Tanzania wanayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi yao ni COSOTA.

Anayeuza kofia zinazofanana ni shauri gumu zaidi. Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoandikwa au kuchorwa. Wazo lenyewe la kofia yenye masikio, pamoja na mbinu ya kulifuma, ni la kila mtu, na watu wa milima ya Andes wamevaa kofia za aina hiyo kabla yetu sote. Kwa sura ya bidhaa ipo njia ya kusajili usanifu wa viwandani katika KIPI, taasisi ya mali za viwandani ya Kenya, lakini usanifu unaosajiliwa sharti uwe mpya, na masikio peke yake hayatoshi. Kama ningekuwa wewe ningeshughulika na yule wa kwanza, na yule wa pili ningemwachia kofia hii nikabuni nyingine.

*Dada Fundi, ninaishi Toronto. Binti yangu ana miaka 12 na husuka rasta. Mizula ya madukani inampanda kichwani na kuvuka masikio, na nywele za mbele zinakatika. Ninajua kufuma kwa sindano. Nibuni nini?*
*Mama, Toronto*

Mama, mizula hiyo ilipimwa kwa kichwa ambacho nywele zake hulala. Pima wewe upya, rasta zikiwa zimefungwa vile atakavyozifunga siku ya baridi: mzunguko juu ya paji la uso na masikio, mzunguko mwingine pale nywele zinapotuna zaidi, na urefu kutoka paji la uso kupitia juu ya nywele hadi kisogoni. Vipimo viwili vya kwanza vikitofautiana kwa sentimita 8, kofia yako inahitaji umbo la mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana. Fuma ukingo wa kunyumbuka kwa kipimo kidogo, kisha katika mzunguko mmoja tu ongeza vitanzi hadi ufikie kipimo kikubwa. Kwa vitanzi 1.8 kwa sentimita, sentimita 8 ni nyongeza ya vitanzi 14 hivi, vikisambazwa sawasawa. Urefu usikadirie: nusu ya kile kipimo cha kutoka paji hadi kisogoni ndio urefu wa kofia, nawe uongeze sentimita 3 za kukunja juu ya masikio.

Nywele hukatika kwa sababu uzi unazikwaruza na kuzinyonya mafuta, kwa hiyo ndani tia bitana ya satini. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri, kwa sababu satini hainyumbuki na mzula unanyumbuka. Ukiishonea bitana yenye mzunguko sawa na kofia iliyolala mezani, kofia haitaingia kichwani. Kata bitana kwa ulalo wa kitambaa, ipe mzunguko wa kichwa chenye nywele pamoja na sentimita 2, na uishonee kwa mkono juu tu ya ukingo wa kunyumbuka, mishono ikiwa milegevu, huku kofia ukiwa umeitanua juu ya bakuli lenye ukubwa wa kichwa chake.